Macho Mekundu ya Bibi

Kikundi chetu cha kusoma vitabu hukutana Jumamosi mchana nyumbani kwa muuguzi mmoja, mtaa wa Rusimbi. Tuko sita. Wenzangu wote wamehamishiwa Kigoma kikazi. Mzaliwa wa hapa ni mimi peke yangu. Mwezi uliopita tulichagua riwaya ya zamani ya Kiingereza ambayo karibu wote tuliisoma sekondari: jumba la mawe, ukungu, chumba kisichofunguliwa, na kikongwe mtunza nyumba mwenye macho mekundu anayeogopwa na kila mtu.

Kila mmoja alieleza alivyokiona kitabu mara ya kwanza. Muuguzi alisema wiki nzima hakuthubutu kwenda chooni peke yake. Mwalimu wa hesabu alikiri kwamba hakuelewa kitu, alikariri tu majibu ya mtihani. Tukacheka. Kisha ofisa wa ardhi, dada mpole mwenye miezi minne tu hapa, akasema, "Ila nyie watu wa Kigoma mlikuwa mnasoma habari za nyumbani."

Wakacheka tena; utani wa Kigoma na uchawi wanaujua wote. Mimi niliweka kikombe chini.

Kitabu hicho nilikisoma kidato cha tatu, nikiishi Kasingirima na bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa akinunua samaki aina ya migebuka soko la Katonga, anaikausha kwa moshi uani, kisha anairudisha sokoni kuiuza. Kazi hiyo aliianza kabla mama hajazaliwa, na moshi ulikuwa umemharibu macho. Yalikuwa mekundu asubuhi, mekundu jioni. Nikimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, alikuwa ananiombea dua mpaka naona aibu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitoka mkoa mwingine, na hakuficha kwamba hakupenda kuletwa kwetu. Tulipofika mahali panapoelezwa macho ya yule kikongwe, alifunga kitabu akauliza nani anamfahamu mtu wa namna hiyo, maana Kigoma hawakosekani. Mwenzangu wa mtaani kwetu akanyoosha mkono, akamtaja bibi yangu. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Akaniambia nisimame nieleze bibi huwa analala saa ngapi.

Nikasimama. Nikacheka pamoja nao, nikasema bibi halali.

Maneno hayo yalitoka shuleni, yakaingia majumbani. Mwezi huohuo mtoto wa jirani aliugua homa, akafariki. Basi, ikawa imetosha. Pale Katonga wanawake walionunua kwa bibi miaka yote wakawa wanaipita meza yake bila hata salamu ya mwidiwe. Watu wakarusha mawe juu ya bati letu mchana kweupe. Bibi aliniita uani, akataka kujua nilisema nini shuleni. Nikamweleza yote.

"Na wewe ulicheka?"

"Nilicheka, bibi."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Aligeuza samaki wake. Kabla shule hazijafungwa kaka yake alikuja kumchukua, akampeleka Kasulu. Alifia huko.

Haya niliyasema yote pale Rusimbi, kwa sauti ambayo sikuipenda. Ofisa wa ardhi alijitetea kwamba alikuwa anatania tu.

"Mwalimu wangu naye alikuwa anatania," nikamwambia.

Muuguzi alianza kukusanya vikombe ingawa chai bado ilikuwamo.

Nilikirudia kitabu chote wiki hiyo, na hasira ikazidi. Yule kikongwe hapewi sentensi hata moja ya kwake. Anapika, anawasha moto, anafua mashuka ya watu, anaogopwa, na mwisho anafukuzwa kwenye mvua. Wenye nyumba wanashukuru. Mwaka mzima tulikisoma, na hakuna aliyeuliza kosa lake lilikuwa nini. Mtihani ulituuliza ukungu unaashiria nini, nami nikajibu vizuri, nikasifiwa na mwalimu yuleyule mbele ya wenzangu. Ile sifa niliipokea. Hilo nalo linaniuma.

Ofisa wa ardhi alinipigia simu siku ya tatu, akaomba radhi, sauti yake ikiwa chini kabisa. Nilimshukuru kwa kupiga. Aliponiuliza kama yameisha, nilimwambia hapana, hayajaisha, ila Jumamosi aje tu.