Ghorofa Tatu za Boksi

Mama Saluni hakuwa mtu wa kukosa neno. Ukikaa kwenye kiti chake asubuhi nywele zikiwa timtim, utaondoka mchana umesukwa, na umeshasikia habari za mtaa mzima, zikiwemo zile ulizoapa hutaki kuzisikia. Lakini siku ile, ndani ya duka la keki, alisimama mbele ya kabati la vioo akivuta mkanda wa mkoba wake, na neno halitoki.

Alikuja peke yake. Bibi harusi mwenyewe, Kidosho, alikuwa kazini kwenye duka la dawa, na asubuhi alikuwa ameaga kwa kusema, "Chagua tu, Mama. Utakachochagua kitanitosha." Mtoto mwingine angesema hivyo, mama angefurahi. Mama Saluni alikereka, kwa sababu alijua ni kweli.

Kidosho alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Alimpokea akiwa na pengo la meno ya mbele, na tangu siku hiyo akiulizwa ana watoto wangapi hujibu wawili, bila kupepesa macho. Yule wa kwanza, wa kumzaa mwenyewe, alishaolewa zamani kidogo, na harusi yake ilikuwa na keki ya ghorofa tatu, keki tupu kuanzia juu mpaka chini. Watu walikula, wakafungasha, na bado ikabaki.

Na safari hii fungu la keki lilikuwepo, tusimsingizie ufukara. Ila huyo dada mtu alikuja kuomba akopeshwe kidogo amalizie kulipia friji, akaahidi kurudisha kabla ya harusi. Harusi imebisha hodi, friji linagandisha barafu, hela haijarudi. Mama Saluni hakumdai hata kwa utani.

Fundi wa keki, mwanamke mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alisikiliza bajeti yake akitikisa kichwa taratibu.

"Kwa hela hiyo nakutengenezea kitu kizuri," alisema. "Ghorofa moja, lakini ya kweli. Naweka maganda ya machungwa ndani. Wakila watanitafuta."

"Ghorofa moja? Watu watasema nini?"

"Watasema tamu."

"Dada yake alikuwa na tatu."

Fundi akamwangalia, kisha akaingia nyuma na kurudi amebeba keki kubwa ya maonyesho kwa mkono mmoja, kama anayebeba kofia. Akaeleza. Ndani ni maboksi magumu, juu yake krimu. Pembeni huachwa nafasi ndogo, inajazwa keki ya kweli, na juu ya nafasi hiyo hubandikwa ua ili maharusi wajue pa kupitisha kisu. Wageni wanagawiwa keki ya kawaida ya kwenye sinia, inayokatiwa jikoni. Nani atajua?

"Na bibi harusi?" Mama Saluni aliuliza.

"Huyo ni wako. Mimi nauza keki."

Wakati fundi akiandika namba za simu, ya mama na ya bibi harusi, Mama Saluni alikuwa akijituliza kwa maneno yake mwenyewe. Zitaonekana tatu. Atapendeza kwenye picha. Na lile la mwisho, lililopita haraka akajifanya halikupita: kwanza mtoto huyu haulizagi.

Jioni akamwonyesha picha kwenye simu. Kidosho aliishika kwa mikono yote miwili.

"Tatu? Kama ya dada?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Angecheka, angesema mwanangu hebu sikia vituko vya mjini, na yote yangeishia kwenye kicheko.

"Kama ya dada," alisema.

Macho ya Kidosho yakajaa maji. Hakuwa mtu wa kulialia, huyu. Alirudisha simu, akafuta uso kwa kiganja, kisha akasema ile ya juu wasiikate. Angempelekea Bibi nzima nzima, maana kwa miguu ile Bibi asingefika ukumbini. Mama Saluni akaitikia ndiyo, wazo zuri, huku akimwona mama yake mzazi amekaa kitandani na kisu mkononi, anakeketa boksi.

Kuanzia hapo hakukalika. Mteja mmoja alisukwa njia zikaenda upande kama barabara inayokwepa mtaro, akalazimika kufumua na kuanza upya, bure. Alirudi kwa fundi kuuliza kama ghorofa ya juu inaweza kuwa ya kweli. Inaweza, akaambiwa, ila uongeze. Akampigia simu yule mwanawe wa kwanza, akamweleza yote, akamwomba arudishe hata nusu.

"Mama nawe," alijibiwa, na kicheko juu. "Kidosho si mtu wa makuu. Hata hatajua."

Mama Saluni alikata simu, akakaa kwenye kiti cha wateja. Lilikuwa neno lake mwenyewe, lile alilojifanya halikupita. Alipolisikia kwenye mdomo wa mtu mwingine aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Hakumpunja mtoto kwa sababu ya kukosa. Alimpunja kwa sababu alijua hatalalamika, na inawezekana hii haikuwa mara ya kwanza.

Siku mbili kabla ya harusi, Kidosho alikuja kusukwa. Saluni ilifungwa mapema, pazia likashushwa. Alikaa chini kwenye kigoda, kichwa katikati ya magoti ya mama yake, kama alivyokaa tangu utotoni. Mama Saluni alishukuru kwamba hawatazamani. Alisuka njia moja, akasuka ya pili, akapiga moyo konde.

"Kidosho."

"Abee, Mama."

"Ile keki ni maboksi. Ghorofa zote tatu. Ya dada yako haikuwa hivyo."

Shingo ya Kidosho haikutikisika. "Najua, Mama."

"Unajua? Tangu lini?"

"Kesho yake tu, baada ya ile picha. Fundi alinipigia kuuliza ua likae kulia au kushoto, nisije nikasukuma kisu kwenye boksi mbele za watu. Bibi nitampelekea ya kwenye sinia. Nimeshamwomba fundi aniwekee."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Mama Saluni akaanza kujitetea. Alitaka wawe sawa, alisema, yeye na dada yake, asije mtu akanyoosha kidole kwamba huyu ni wa marehemu ndiyo maana. Maneno yalimtoka mengi, kama kawaida yake, na kila lililotoka lilizidi kumchafua. La friji hakulitaja. Kidosho alimwacha mpaka alipoishiwa.

"Boksi mimi sina neno nalo," alisema. "Hela ikiwa ndogo ni ndogo. Ila boksi ni la kuwaonyesha wageni, Mama. Mimi ungeniambia."

Vidole vya Mama Saluni vilishika nywele, vikavuta, vikaanza njia nyingine. Machozi yalidondoka kwenye utosi wa mtoto, akayapangusa na ncha ya khanga haraka, na kwa kuwa ilibidi aseme kitu, akauliza kama anamvuta sana, kama anamuumiza.

"Hapana, Mama," alisema Kidosho, kama alivyosema miaka yote.