Mama Mafaili Achomoa Waya

Hospitali nzima ilimwita Mama Mafaili, na sidhani kama hata daktari mkuu alilikumbuka jina lake la kwenye cheti. Miaka kumi na tisa alipanda na kushuka ngazi ya chumba cha mafaili, vumbi likimpigisha chafya. Kompyuta zilipoingia, wenzake walihamishiwa stoo. Yeye aligoma. Alijisomea, akauliza, akachekwa, akauliza tena, mpaka akakabidhiwa seva yenye kumbukumbu za wagonjwa wote. Chumba kilikuwa kilekile, ila ngazi ilitoka na kiyoyozi kikaingia.

Sasa chumba hicho kilitaka kumponyoka. Foleni ya asubuhi ilifika getini. Karani wa mapokezi akibofya jina la mgonjwa, skrini inaganda, naye anabaki kujipepea kwa daftari. Jumatatu daktari mkuu alikuja mwenyewe, mikono mfukoni.

"Mama, nakupa mpaka Ijumaa. Ikishindikana, tunawaachia watu wa kampuni ya nje, na wewe utapumzika."

"Kupumzika sijaomba, daktari."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Dada yake mkubwa, aliyeishi naye, alikuwa na presha, na kila alipokwenda kliniki ya hospitali hiyo aliionja foleni ile. "Leo nimefuma soksi mbili nzima nikisubiri," alisema akivua viatu. "Mashine yako imelala fofofo."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake alipima, na kumbe dada alisema kweli: diski ya seva, inakoandikwa kumbukumbu zote, ilikuwa imelala. Ilikuwa diski mpya, yenye uwezo wa kupokea maombi mengi ya kusoma na kuandika kwa mpigo, lakini programu iliipa ombi moja, ikakaa kungoja jibu, ndipo ikapeleka la pili. Na habari za mgonjwa mmoja zimetawanyika sehemu arobaini! Mama Mafaili alicheka peke yake, kicheko cha hasira. Enzi za ngazi, karani gani mwenye akili timamu angepanda kwa faili moja, ashuke, halafu aulizie la pili? Yeye alikuwa akipanda na vikaratasi kumi mkononi.

Fundi wa mtandao alikuwa na njia yake ya mkato. "Mama, iambie programu iseme 'imehifadhiwa' papo hapo. Diski itaandika baadaye, kwa nafasi yake. Utaona itakavyoruka."

"Na umeme ukikatika kabla haijaandika?"

"Vitapotea vitu vichache tu."

"Na kimoja katika hivyo vichache kikiwa cha mama yako?"

"Sasa tufanyeje?" fundi aliuliza.

"Maombi yaende mengi, yasingojane," alisema Mama Mafaili. "Lakini neno 'imehifadhiwa' lisitoke mpaka diski yenyewe iitikie."

Alikazana. Alisoma maelekezo ya toleo jipya la programu mpaka miwani ikamchosha, akajaribu kwenye mashine ya akiba. Mara ya kwanza alifululiza maombi mengi mno, diski ikaelemewa, mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Hakukata tamaa. Alipunguza kidogo kidogo mpaka akapata kiasi chake, na Alhamisi akaiweka programu hiyo kwenye seva kubwa.

Ijumaa, kufika saa nne asubuhi, foleni ilibaki na mtu mmoja tu: dada yake. Daktari mkuu alifurahi, lakini mashaka hayakumtoka. "Wale wa kampuni wanasema mashine ikikimbia hivi, inadanganya. Umeme ukikatika tutaumbuka."

Mama Mafaili alichukua simu. Aliwaomba wa wodini waache kuandika kwenye kompyuta kwa dakika kumi. Kisha akamwambia karani aandike kwenye kumbukumbu za dada yake: dawa fulani ilimvimbisha uso mwezi uliopita, asipewe tena. Karani akaandika. Skrini ikasema imehifadhiwa. Hapohapo Mama Mafaili akaingia chumba cha seva, daktari mkuu nyuma yake, akachomoa waya wa umeme wa seva.

"Mama!" daktari mkuu alipiga kelele.

Seva ilizimika kabisa. Aliuchomeka waya tena, akasubiri taa ziwake moja baada ya nyingine. Wakarudi mapokezi. Karani akabofya. Onyo lile lilikuwepo, neno kwa neno.

Daktari mkuu alishusha pumzi. "Wale wa kampuni nitawaambia wasije," alisema, akaondoka bila kuweka mikono mfukoni.

Dada mtu alikuwa amekunja uso. "Kwa hiyo umechomoa waya na mimi nimo humo ndani?"

"Nilikuwa na hakika."

"Mbona mikono inakutetemeka?"

Mama Mafaili aliificha nyuma ya mgongo. "Sasa dada, ningemweka nani mwingine humo? Mtoto wa mtu?"