Mechi Ambayo Haikuchezwa

Bernadine Kosciuk alikuwa na miaka sabini na miwili mwaka ule wa korona. Nimeishi jirani naye tangu nilipoolewa mtaa huu wa kusini mwa Milwaukee, miaka thelathini sasa, na sikuwahi kumsikia akisema uongo. Hata soseji zikimwungulia, alikuwa akitwambia kabla hatujaonja. Kwa hiyo aliponisimulia habari hii, amesimama upande wake wa uzio na barakoa imeshuka kidevuni, mwanzoni nilidhani anamsema mtu mwingine.

Mumewe, Norbert, alikuwa fundi wa mabasi ya jiji hadi alipostaafu. Kisukari kilimharibu macho, kisha kikamla mguu mmoja, na mwezi wa Februari akaingia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Walimpa chumba cha chini, kitanda cha dirishani. Machi milango ikafungwa kwa sababu ya ugonjwa. Kuanzia hapo Bernadine akawa anakwenda kusimama nje ya dirisha, katikati ya maua, simu sikioni, na Norbert ndani na simu yake. Norbert hakumwona vizuri. Aliona rangi nyekundu ya koti lake tu, lakini alisema inamtosha.

Watu hawa wawili walikuwa wameifuata timu yetu ya besiboli kwa miaka arobaini na moja. Norbert alitazama, Bernadine aliandika. Alikuwa na daftari la alama, ukurasa mmoja kwa kila mechi, na humo aliweka kila mpira uliorushwa na kila mtu aliyefika kituo cha kwanza, kwa penseli, kwa mwandiko mdogo kama wa karani.

Msimu ulipaswa kuanza mwezi wa tatu. Ukaanza mwishoni mwa Julai, mechi sitini badala ya mia moja sitini na mbili, uwanja mtupu. Vitini waliweka picha za watu zilizokatwa kwenye karatasi ngumu, na kelele za mashabiki zikatoka kwenye spika. Bernadine alipomwambia Norbert habari hizo, alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo hata mimi kipofu ningekaa pale na nisingejulikana?"

"Wewe ungejulikana. Picha hazitukani waamuzi."

Mechi nyingi zilianza saa moja jioni, na nyumba ile iliwalaza wazee wake saa moja na nusu. Ndiyo maana wakapanga: Bernadine atatazama nyumbani na kuandika, na kesho yake saa nne asubuhi Norbert atapiga simu.

"Nisomee," alikuwa akisema. "Na usiruke kitu."

Basi alimsomea raundi zote tisa, kila asubuhi. Norbert naye alizichukua zilivyo akaenda kuwatangazia wenzake kwenye chumba cha chai, wamekaa mbalimbali kila mtu na meza yake. Alikuwa na kijana wake aliyempenda, mrushaji wa mkono wa kushoto aitwaye Tarrant, ambaye kocha hakumpanga hata siku moja. "Wampe mpira yule mtoto," alisema kila siku, "halafu mtaniambia."

Mwezi wa Agosti, Jumamosi moja, jirani yetu Lorraine alitimiza miaka sitini. Tukakaa uani kwake, viti hatua sita kutoka kimoja hadi kingine, kila mtu na sahani yake. Nilikuwepo. Bernadine hakutaka kuja, nikamvuta mimi. Alikunywa bia tatu. Alicheka, jamani, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Norbert aondoke nyumbani, na mume wa Lorraine alipowasha muziki wa polka, Bernadine alicheza peke yake kwenye majani na sahani mkononi. Aliporudi kwake alikaa kwenye kiti, akapitiwa na usingizi na viatu vyake miguuni.

Aliamshwa na simu. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumapili.

"Nisomee," alisema Norbert.

Daftari lilikuwa mapajani, ukurasa mweupe. Angeweza kusema, Norbert, sikutazama, nilikuwa kwa Lorraine. Aliniambia maneno hayo yalifika hadi kwenye meno. Lakini akamwona mumewe pale kitandani, miezi mitano hajatoka nje, na yeye akajiona kwenye majani anacheza polka.

"Tumeshinda," akasema. "Tano kwa nne."

Baada ya hapo hakukuwa na njia ya kurudi. Akatunga raundi ya kwanza, akatunga ya pili. Alikuwa ameandika mechi kwa miaka arobaini na moja, haikuwa kazi. Wageni wakaongoza nne bila, sisi tukarudisha mmoja mmoja. Na alipofika raundi ya tisa, watu watatu wa wageni wamejaa vituoni, tunaongoza kwa moja, hakujua kilichomwingia.

"Kocha akamwita Tarrant."



"Usinitanie, Berna."

"Sikutanii. Wa kwanza akapiga hewa mara tatu, akatoka. Wa pili hivyo hivyo."

"Na wa tatu? Sema, mwanamke!"

"Wa tatu akaupiga juu, ukadakwa, mechi ikaisha."

Norbert alipiga ukelele uliosikika hadi koridoni. Alilia. "Niliwaambia!" alisema. "Niliwaambia wapumbavu hawa!" Kisha akakata simu haraka, maana alikuwa na watu wa kuwatangazia.

Ndipo Bernadine akawasha televisheni. Mechi ya Jumamosi haikuwa imechezwa. Wachezaji wawili wa wageni walikuwa wamekutwa na korona, na timu zote zikaondolewa uwanjani kabla hata ya kupasha misuli. Alikaa akiitazama ile habari ikipita chini ya kioo, ikipita tena. Akajiambia atamweleza kesho.

Kesho yake saa tatu, kabla Norbert hajapiga, alipiga muuguzi, mama mmoja makini aitwaye Yolanda.

"Bi Bernadine, samahani kukusumbua. Jana mzee amesimulia mechi nzima, raundi kwa raundi. Mwenzake, Bwana Haas, ana gazeti lake, akamwonyesha kwamba hakukuwa na mechi. Wakagombana, mzee akatupa kikombe. Anasema wewe ndiye uliyemsomea. Ni kweli?"

Swali lilikuwa wazi kabisa. Bernadine alimheshimu sana Yolanda. Kila wiki alimletea keki mlangoni.

"Hapana," akasema. "Tuliongea mambo ya nyumbani tu."

Yolanda akashusha pumzi. "Nilihofia hivyo. Kichwa kinaanza kumchezea. Nitamwambia daktari ampime."

Bernadine alinieleza kwamba hiyo "hapana" ndiyo inayomwamsha hadi leo. Mechi aliitunga kwa kumwonea mumewe huruma, alisema, na kidogo kwa kujionea aibu. Lakini hiyo hapana aliisema ili muuguzi asimdharau. "Nilimtoa mume wangu akili," alisema, "ili mimi nibaki mtu mzuri."

Saa nne Norbert alipiga. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Berna, wanasema haikuchezwa. Ulinisomea, au niliota?"

"Pumzika kwanza, Norbert. Tutaongea."

"Mimi nataka kujua tu kama niliota."

"Pumzika," akasema tena, akakata simu.

Jumanne daktari alimpima. Alimwuliza tarehe, na mwaka ule hata mimi tarehe ilikuwa inanipotea. Alimwambia ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba, na Norbert, aliyekuwa ameacha kujiamini, akasimama njiani akauliza, "Hivi nimeshasema sabini na tisa, au nimeota?" Ikaandikwa.

Jumatano Bernadine alivaa koti lake jekundu akaenda dirishani. Kitandani alikuwa amekaa bibi mwingine, anafuma. Bibi yule alimpungia mkono kwa furaha.

Norbert alikuwa amehamishiwa ghorofa ya pili, kwa wale waliopoteza kumbukumbu. Huko hakuna dirisha la kusimamia, na simu zao huchukuliwa.

Bernadine alibonyeza kengele ya mlango mkuu mpaka Yolanda akatoka na barakoa na ngao ya plastiki usoni. Bernadine akamwambia yote, pale kwenye ngazi, mbele ya mtu aliyekuwa akishusha masanduku ya maziwa. Sherehe, bia, daftari jeupe, na ile hapana. Yule wa maziwa aliacha kushusha.

Yolanda hakumfokea. "Kwa nini hukuniambia Jumatatu?" aliuliza. "Jumatatu ningeizuia kwa maneno mawili."

"Mrudishe leo."

"Siwezi, mama. Kanuni ya korona: aliyebadilishwa ghorofa anakaa siku kumi na nne. Hata angekuwa nani."

Siku kumi na nne. Timu ilicheza mechi kumi na tano katika siku hizo, pamoja na ile iliyoahirishwa, iliyobanwa na nyingine siku moja, raundi saba saba badala ya tisa. Bernadine aliandika zote na hakuwa na wa kumsomea. Yolanda alijitolea kumfikishia Norbert ukweli huo siku ile ile, na alipompigia Bernadine kumpa majibu alisema tu, "Amesikia." Hakuleta salamu.

Siku ya kumi na tano wakamrudisha chini, chumba kimoja na Bwana Haas, dirisha linatazama mapipa ya taka ya jikoni. Bernadine alisimama kati ya mapipa. Norbert aliinua simu.

"Hilo koti ni wewe?"

"Ni mimi. Norbert, nisamehe."

Alikaa muda akiugeuza uso wake huku na huku, kama anayetafuta mahali pa kuuweka.

"Kule juu," alisema, "kuna mzee anamwita kila mtu mama. Siku tatu nilikaa nikijiuliza nitaanza lini. Hata Yolanda alipokuja na maneno yako, nilidhani na hayo nimeota."

Norbert akahamishia simu sikio la pili.

"Ungesema tu ulikuwa kwa Lorraine. Ningekuuliza mlikula nini."

Hapo ndipo alipolia, na akaniambia alilia kwa sauti, mpishi akatoka kutazama.

Kesho yake saa nne Norbert alipiga. "Nisomee," alisema, kama zamani. Lakini raundi ya kwanza ilipokwisha alimzuia. "Ngoja kidogo." Bernadine akamsikia akigeuka na kuuliza, "Haas, gazeti linasema nini raundi ya kwanza? Wawili? Haya. Endelea, Berna." Akafanya hivyo kila asubuhi, mpaka timu yetu ilipoingia mtoano ikatolewa kwa mechi mbili. Hakufanya kwa ubaya, anasema Bernadine. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, na yeye angependa kutukanwa kuliko ile adabu.

Tarrant walimpa mpira mara moja, Septemba. Alipigwa mipira mitatu ikatoka nje ya uwanja. Bernadine aliusoma ukurasa ule neno kwa neno, na Norbert akasema, "Ndivyo ilivyo."

Mwezi wa Novemba nyumba ile ilitaka kuandika kwenye jarida lake habari za mke aliyemsomea mumewe msimu mzima. Msichana wa ofisi aliwapigia wote wawili kwa pamoja, amechangamka, akiomba picha ya daftari.

"Andikeni," alisema Norbert, "lakini na ile ya Jumamosi muiweke. Ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote."

Msichana alicheka, hakuelewa. Norbert naye alicheka kidogo. Bernadine alikaa jikoni kwake, simu sikioni, hajui kama amesamehewa au anasutwa, na hakuthubutu kuuliza mbele ya mgeni. Akamwambia msichana kwamba hakuna cha kuandika.