Mahindi ya Wafugaji

Kosa langu la kwanza katika safu hii ya gazeti lilikuwa sentensi moja: kwamba mradi wa kupambana na umaskini hapa Garsen ulimpa kila mtu kinachomfaa. Sikusomea uandishi na naogopa sana kuchekwa, kwa hiyo sentensi ile niliihangaikia asubuhi nzima, neno kwa neno, bila kujiuliza kama ni kweli. Wiki hii amefariki mama aliyenionyesha kuwa ni uongo. Alikuwa mjane wa Kisomali, akiuza maziwa ya ng'ombe wake wawili karibu na stendi ya mabasi ya Lamu.

Ukame ulipotubana, sisi Wapokomo wakulima tulitumiwa pesa kwenye simu. Mama yangu alipokea. Wafugaji wa Kisomali wakaletewa mahindi. Barazani mjane yule akasimama kuuliza kwa nini. "Nyinyi mkipewa pesa, mama, zote zitaishia kwenye miraa," afisa wa mradi akamjibu huku akitabasamu. Mama akaachama kinywa mbele ya watu. "Kijana, angalia vizuri. Meno iko? Hiyo miraa mimi natafuna na nini?" Baraza likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Na hiyo mahindi pia natafuna na nini? Mimi nataka nyasi ya ng'ombe. Nyasi nanunua na pesa."

Afisa naye alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akampa mahindi. Mama aliyauza kwa bei ya kutupa, akapata nyasi za siku chache tu. Ng'ombe wote wawili wakafa. Tangu hapo aliishi kwa chai aliyopewa na wale waliokuwa wateja wake.

Nina hasira, na sitaki kuipamba. Hakuna aliyeuliza nani ana njaa zaidi. Mtu fulani alikuwa na picha ya Msomali kichwani mwake, akaigeuza kuwa kanuni. Dharau ya sokoni unaweza kuijibu ukamnyamazisha aliyeitoa. Ikishaingia kwenye mradi, hata jibu zuri kama la mama yule halihamishi gunia moja. Na sisi tuliopokea pesa tulinyamaza, kwa sababu picha hiyohiyo tulikuwa nayo, na ilitufaa. Msaada uliopangwa na mtu anayekudharau hukuacha maskini, kisha hukulaumu kwa umaskini wako.

Msimu huu wafugaji nao wanatumiwa pesa kwenye simu. Mama yule alipokea mara moja tu kabla ya kufariki, wakati hakuwa tena na ng'ombe wa kununulia nyasi.