Harusi Ndani ya Duka la Mama

Duka la mama yangu hapa Mpanda lilikuwa na tabia moja: unaingia kutafuta kitu hiki, unatoka na kingine kabisa. Mama alinunua chochote ambacho mtu amechoka kukaa nacho, akamuuzia yeyote aliyedhani anakihitaji. Pedali za baiskeli zilikaa juu ya kitanda cha mtoto, vibatari vilikaa ndani ya sufuria, na kulikuwa na gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto, ambazo mama alikataa kuzitupa. "Hujui nani atakuja," alisema.

Niliporudi kutoka Dodoma, ambako nilikuwa napanga bidhaa kwenye duka kubwa, magoti ya mama yalikuwa yamechoka na mimi kichwa kilikuwa kimejaa mipango. Nikamwambia duka letu lina vyumba vitatu vinavyofuatana, mlango mbele na mlango nyuma, basi tulipange kama hadithi. Chumba cha kwanza, bi harusi anaaga kwao. Cha pili, yuko njiani. Cha tatu, amefika kwake, anapika. Kila kitu kikae mahali pake kwenye hadithi, kiwe na kikaratasi cha kueleza kilikotoka.

"Na mtu anayetaka pedali?" mama akauliza.

"Pedali ziko njiani, chumba cha pili."

"Kwa hiyo apitie harusini kwanza."

"Apitie."

Mama alinitazama, kisha akaenda kunywa chai. Nikaichukua hiyo kuwa ruhusa.

Nilifanya kazi wiki nzima. Chumba cha kwanza nilitundika vitenge ukutani na kupanga mikeka na masanduku. Cha pili nilimwaga mchanga mwekundu sakafuni na kusimamisha baiskeli moja, keria yake imefungwa mizigo. Cha tatu nilijenga mafiga na kupanga vyungu na sufuria. Kwa vile sikujua vitu vingi vilitoka kwa nani, vikaratasi nilivitunga mwenyewe, na sikujibana.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume aliyetoka Mishamo kufuata mnyororo wa baiskeli. Alifika chumba cha kwanza, akaona vitenge, akavua kofia.

"Samahani mama," alisema kwa sauti ya chini, "sikujua kuna shughuli."

"Karibu tu," mama akamjibu bila kucheka. "Wameshatangulia. Wafuate."

Akawafuata. Alipata mnyororo wake, na alipotokea mlango wa nyuma akauliza kama bi harusi alifika salama. Tangu siku hiyo mama hakunisema tena kuhusu mchanga.

Wiki mbili baadaye aliingia bibi mmoja kutoka upande wa Mpimbwe, akitafuta sufuria ya kupikia wali. Alisimama mbele ya tranka la bati lenye maua ya kuchora, akaanza kusoma kikaratasi changu kwa kidole, neno kwa neno. Nilikuwa nimeandika kwamba mwenye tranka hili alilia njia nzima, kwa sababu aliozwa mtu asiyempenda.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Nani ameandika hapa?"

"Mimi, bibi."

"Ulikuwepo?"

Mama alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Tranka hili ni langu," bibi alisema. "Nililiuza hapa kwa mama yako mwaka jana. Na mimi sikulia. Nani alie? Mume nilimchagua mwenyewe, baba akakataa mara mbili. Tulipovuka mto baiskeli ikaanguka, tranka likaenda na maji, tukalikuta mbele limekwama kwenye mizizi. Aliyelia ni yeye. Suruali yake mpya ilikuwa humo ndani."

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Nilimwomba radhi, nikachana kikaratasi, nikakaa kwenye mkeka kuandika upya huku yeye akinisimamia. Alinisahihisha kila mstari. Sufuria akasahau kununua.

Jumamosi iliyofuata alirudi na babu mwenyewe, mrefu, mkimya, amevaa koti la kwenda kanisani. Babu alisoma, akasoma tena.

"Sikulia," alisema. "Maji ya mto yaliniingia machoni."

"Kwa nusu saa?" bibi akauliza.

"Yalikuwa maji mengi."

Nikaandika kikaratasi cha pili na kukibandika pembeni ya cha kwanza. Watu walianza kuja dukani kwa ajili ya kesi hiyo tu. Akina mama walimwamini bibi. Wanaume, hata wale walioingia kutafuta jembe, walisimama na babu. Nami nikabandua vikaratasi vyote vya uongo, nikaanza kuwauliza wanaotuletea vitu.

Tranka lilinunuliwa na nesi kijana aliyekuwa anakaribia kuolewa. Alitaka na vikaratasi vyake vyote viwili. Kabla ya kumpa tuliwapigia simu bibi na babu, wakasema watakuja kumkabidhi, na kweli walikuja. Bibi aliweka kitenge kipya ndani, akafunga kifuniko. Nesi akapiga magoti, akawashukuru. Babu alitoka nje, akaona dereva wa bodaboda alivyolifunga tranka, akaifungua mipira yote na kuanza upya, polepole, akiivuta huku goti limelikandamiza tranka. Kijana wa boda alisubiri kwa adabu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikimtazama.

Siku hizi watu wanaleta vitu vidogo vyenye maelezo marefu. Mzee mmoja mfugaji alileta kengele ya ng'ombe, akaanza kusimulia, na mpaka tunafunga kwenda kula mchana ng'ombe mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa. Mama akaweka sheria: anayeleta kitu asimulie akiwa amesimama, maana akishapewa kiti, siku hiyo hatuuzi.