Mama mkwe, leso na baiskeli ya stima

Leo nimelala katikati ya barabara na kaptula ya kubana, na aliyekuja kuniokoa ni mama mkwe.

Nilikuwa kwa mbio za baiskeli, Kitale hadi Bungoma, na baiskeli ya stima ya kuazima.

Mteremko wa barabara ya murram, changarawe tupu, kupita Kiminini, nikateleza. Baiskeli ikanilalia mguu. Hiyo kitu ni nzito bana, betri peke yake ni jiwe. Nasukuma, haiendi.

Nyuma yangu trekta ya miwa inashuka. Imejaa, na breki zake ni za kuombea.

Mama mmoja akatoka mbio kwa shamba la mahindi. Karibu anifikie, akasimama. Tukatambuana.

Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hata salamu ni ya mbali.

Trekta inapiga honi. Yeye anaangalia mahindi, mimi naangalia chini.

Akafungua leso kiunoni, akanirushia ncha moja. "Funga kwa usukani."

Nikafunga. Akavuta kama anatoa ng'ombe kwa matope. Baiskeli ikaniachilia, nikajiviringisha hadi mtaroni. Trekta ikapita, ikaponda chupa yangu ya maji.

Kuinua kichwa, mama hayuko.

Nimefika Kanduyi, hapo Bungoma mbio zinapoishia, wa mwisho, leso bado iko kwa usukani. Bibi yangu akapiga simu.

"Mama anasema leo hajakuona. Anataka leso yake. Na ati uvae suruali."

Sasa niambieni, leso inarudishwa aje kwa mtu ambaye hamkuonana?