Kura ya marehemu Mzee Wambura ilipohesabiwa "ndiyo" mkutanoni Musoma

Wakuu, salaam kwenu wakubwa kwa wadogo. Haya sikusimuliwa, nilikuwemo. Asiyeamini asome tu, simlazimishi.

Miaka ya ujamaa nilikuwaga mjumbe wa Chama, tawi letu la huko Kiriba. Binti wa kulima pamba tu, ila nilijua kusoma, wakanichagua.

Kwa wadogo zangu: enzi hizo chama kilikuwa kimoja, na jina la mgombea urais lilikuwa moja, linashuka toka juu. Sisi wajumbe tunaitwa Musoma kuliunga mkono, wilaya inapeleka msimamo mkutano mkuu. Kuulizwa tulikuwa tunaulizwa. Majibu ndiyo yalikuwa yameshapikwa.

Mjumbe mwenzangu mmoja alikuwaga Mzee Wambura, mfugaji wa upande wa Butiama. Mpole sana, ila ana sauti nzito ya kukwaruza, utafikiri kameza mchanga.

Kabla ya mkutano nilimkuta Bunda kwenye foleni ya kuuza pamba. Akaniambia safari hii atasimama kupinga. Nikamuuliza, kwani mgombea humtaki?

"Namtaka sana, ni mtu wa kwetu," akasema. "Ila tawi langu halijaulizwa. Nitaendaje kusema limekubali?"

Nikamtahadharisha, maana watu walikuwa wanavuliwa ujumbe kwa maneno madogo kuliko hayo. Akacheka.

Mkutanoni hakufika. Homa ilimchukua ghafla. Mazishini nilikwenda, nikaweka udongo kwa mkono wangu.

Siku ya mkutano ukumbi umejaa, mchana kweupe, madirisha wazi, harufu ya dagaa inaingia toka soko la samaki la Mwigobero. Katibu akaeleza kwamba tawi la marehemu halina mjumbe, na kwa kanuni ofisi ndiyo inajaza nafasi. Kwa hiyo kura ya tawi lile ofisi imeshaiweka kwenye ndiyo.

Makofi.

Udongo wa kaburi lake haujakauka, wakuu.

Mwenyekiti akauliza, kwa mazoea tu, kama kuna anayepinga.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Upepo wa ziwani ulikata, mapazia yakalala. Nikasikia baridi inanipanda toka miguuni mpaka kooni, kama mtu anayeingia kwenye maji taratibu.

Halafu sauti ikasema, "Tawi langu halijaulizwa."

Ilikuwa yake. Ule mkwaruzo hauna wa pili. Nikageuka kutafuta imetokea wapi.

Nikakuta ukumbi mzima unanitazama mimi.

Mama niliyekaa naye benchi moja alikuwa ameshasogea mbali, kaziba mdomo. Koo langu linawaka. Mdomo wangu uko wazi, na sikumbuki kuufungua.

Mwenyekiti alikuwa amechunga ng'ombe na marehemu tangu utoto wao. Akakaa chini polepole.

"Ndugu Nyangeta, ni wewe umesema?"

Hapo ningeweza kukana, na wangefurahi kunisikia nikikana. Nikamjibu kwa sauti yangu ya kila siku: "Sijui nani kasema. Ila ni kweli, halijaulizwa."

Katibu alitaka tuendelee. Mwenyekiti akakataa, akaahirisha, akaagiza lile tawi likaulizwe kwanza.

Wakaulizwa, mmoja mmoja, kwa kunyoosha mkono. Unajua walijibuje? Ndiyo, wote, hakupinga hata mmoja.

Mimi ujumbe nilivuliwa baadaye, bila sababu. Wajumbe wenzangu waliacha kukaa karibu yangu. Sikuwalaumu, hata mimi niliogopaga kuongea nikiwa peke yangu.

Kilichonimaliza ni mjane wa Mzee Wambura. Nilipokwenda kumsalimia aliniambia tangu mazishi ng'ombe walikuwa wanakataa kuingia zizini, wanasimama mlangoni wanaangalia ndani. Siku watu wa tawi walipomaliza kunyoosha mikono, ng'ombe waliingia wenyewe, bila kuswagwa.

Fundisho nililobaki nalo: usimjibie mtu hata kama jibu lake unalijua. Watu wale wangesema ndiyo tangu mwanzo. Walichonyimwa ni kusema wenyewe.

Wenye kuzijua kanuni za vyama, za zamani na za sasa, nielezeni: ofisi kujaza kura ya tawi ilikuwa haki kweli? Na kama kuna aliyewahi kusemewa na mdomo wake mwenyewe, aandike hapa chini. Sitamcheka.